Kibogoyo

Mzee Lusweti alipanda ngazi zangu za Ngara mdomo mtupu,
gunia begani.
Bei ya meno aliijua, ya juu na ya chini. Pesa hakuwa nazo.
Akafungua gunia: mashua ya rimoti, ndefu kama mkono wangu,
imepasuka kutoka omo hadi karibu na tezi,
silinda imejaa kutu.
"Ilikuwa inawashinda wote," alisema,
lakini bila meno maneno hutoka na upepo,
nikasikia: inawawinda.

Nikachukua vipimo vya ufizi wake kwa nta.
Mashua nikaiweka dirishani.

Mimi ni fundi wa meno. Sijui bahari.
Ufa naujua: huishia mbali kuliko unapoonekana,
basi unaufuata kwa ukucha, si kwa jicho,
na mwisho wake unatoboa kitundu ili usitembee tena.
Faiba ilikuwa kidogo. Palipobaki nikaziba
kwa unga ule wa waridi wa kutengenezea ufizi,
nikapiga msasa hadi ulimi usijue kiraka kinaanzia wapi.
(Ndiyo, niliulamba. Kidole hudanganyika.)
Ubavuni nikaandika KIBOGOYO.

Injini niliipata Grogan, ya mashine ya kukatia nyasi,
imetoka Mombasa na kabureta yake ya kule chini.
Huku kwetu hewa ni nyepesi kama uji wa tarehe ishirini na nane.
Petroli ikazidi, injini ikawa inasukutua,
glo glo glo, moshi, kimya.
Kaza sindano. Si robo: nusu ya robo.
Sikiliza.
Ukikaza mno huimba vizuri ajabu,
halafu hujiunguza ikiimba.

Maji ya mgao huja Alhamisi,
kwa hiyo Alhamisi usiku, juu ya paa, ndani ya pipa,
mimi na tochi na kelele.
Bi Mwanaidi wa ghorofa ya tatu akatokea na ndoo:
"Hayo si ndiyo ya kuoga kesho?"
Nikamwambia mafuta huelea, achote chini.
Hajanisalimu hadi leo.

Rafadha ya shaba niliinoa kwa kijiwe cha magego,
bapa hili, bapa lile,
yasizidiane hata unywele, la sivyo mkia hutetemeka
na shafti hula bushi zake polepole, kama mtu asagaye meno usingizini.

Jumapili, Njiru, bwawa la machimbo.
Mashua sita. Ya Musembi ina betri za bei ya pikipiki.
Mzunguko wa kwanza Kibogoyo aliinua pua, akarukaruka,
akameza mawimbi ya wenzake.
Nikasogeza tangi mbele vidole viwili.
Wa pili, pua ikatulia.
Wa tatu,
sijui niseme nini kuhusu wa tatu,
maji yalifunguka nyuma yake kama zipu
na Musembi akaacha kutafuna miwa.
Tulikuwa mbele hadi boya la mwisho.
Hapo uzi wa gunia, uzi mmoja wa gunia la nani sijui,
ukajizungusha kwenye rafadha.

Zikampita zote tano.
Akabaki katikati ya bwawa, injini kimya,
anaelea sawasawa. Tukamvuta kwa mpira wa tenisi na mshipi.
Nikafungua kifuniko, nikapapasa ngama kwa kitambaa:
kikavu.

Mzee Lusweti alikuwa ukingoni na meno yake mapya,
meupe kuliko nilivyomshauri.
Zamani, alisema, kila mzunguko aliuhesabu kwa mluzi.
Akakunja midomo ajaribu. Ikatoka hewa tu.
Akajaribu tena, akaniangalia kama nimemwibia.

Nikamwambia afumbue mdomo pale pale, mbele ya watu.
Jino la mbele, upande wa kulia, lilikuwa nene kidogo kwa ndani.
Kiasi cha karatasi.
"Jumatatu," nikasema. "Saa mbili. Uje na uzi ule pia,
nataka kuuona."